Mtoto Anapoenda Lubumbashi: Tumpe Posho, Tumpe na Nafasi ya Kusema Kweli



Majira yale yamefika tena. Matokeo ya Exetat yakiingia kwenye telefoni, mtaa mzima unajua. Vigelegele vinapigwa, poda nyeupe inamwagwa juu ya kichwa cha mtoto, majirani wanakuja kucheza uwanjani. Tunafurahi, na ni haki yetu. Miaka 12 ya shule, sita ya primari na sita ya sekondari, si mchezo kwa mzazi anayeuza mihogo sokoni. Lakini poda ikishapanguswa, swali linaingia nyumbani: sasa anaenda wapi? Mara nyingi mtoto mwenyewe amekwisha kujibu kabla hatujamwuliza: "Mama, mimi ninaenda Lubumbashi."

Juma hili tuzungumze juu ya safari hiyo. Wengi wetu tumefunga mizigo, tumesindikiza watoto steshoni, kisha tumekaa na telefoni mkononi tukingoja waseme wamefika. Kutoka hapa Kamina kwa gari la moshi ni karibu kilometa 600: Bukama, Luena, Lubudi, Tenke, Likasi, ndipo Lubumbashi. Mtoto akishafika huko, jicho la mama halimwoni tena. Ndiyo maana inafaa tujue anakokwenda kabla hajaondoka.

CHUO HICHO NI CHUO GANI?

Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho watu wote wanaita UNILU, kilifungua milango mwaka 1956, wakati mji ungali ukiitwa Elisabethville. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vyote vya nchi kuwa kimoja, UNAZA, na mwaka 1981 vikaachanishwa tena: Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi, kila kimoja na uongozi wake. Leo UNILU ina matawi mengi: udaktari, uhandisi, sheria, kilimo, udaktari wa mifugo, barua, uchumi na mengine. Watoto wanatoka Katanga yote na mbali zaidi kuja kutafuta nafasi humo.

Wamama wenye umri wanakumbuka pia usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa na kuuawa katika kampasi ya Lubumbashi. Ziko familia ambazo tangu siku hiyo neno "chuo kikuu" halijawahi kuwa neno la furaha tupu. Tunalitaja kwa heshima, kwa sababu wazazi wanapoogopa kumtuma mtoto mbali, woga wao una mizizi. Tusiwacheke.

Tukumbuke na jambo la pili. Wakati nchi yetu inapata uhuru mwaka 1960, hapakuwa na mwanamke Mkongo hata mmoja aliyemaliza chuo kikuu. Wa kwanza alikuwa Sophie Kanza, aliyemaliza masomo yake Lovanium, Kinshasa, mwaka 1964. Miaka miwili baadaye, mwaka 1966, akawa waziri, mwanamke wa kwanza wa nchi yetu kupata kazi hiyo. Tunalisema hili kwa familia ambazo franka zinatosha mtoto mmoja tu, na mjomba anasema palepale: "Basi aende kijana, huyu binti ataolewa." Tuombe kwanza kuona pointi za wote wawili. Aende yule aliyeonyesha nguvu ya kusoma, akiwa binti au kijana.

MAISHA YENYEWE YAKO NAMNA GANI?

Shuleni hapa Kamina, mwalimu anamjua mtoto kwa jina, anajua na baba yake. Chuoni mwaka wa kwanza mtoto anaingia katika ukumbi wenye mamia ya watu. Anayetaka kusikia vizuri anaamka kabla ya jua kutoka ili apate nafasi mbele. Profesa hajui kama mtoto wako amekuja au amebaki kitandani. Hapana mtu wa kumwita mzazi. Kijana aliyekuwa wa kwanza katika kalasi yake hapa anakuta huko wengine 50 ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Hilo peke yake linaweza kumvunja moyo, hata kama ana akili. Tumwambie mapema kwamba kuwa wa 30 mahali pale si aibu.

Nyumba ni shida ya pili. Homu za wanafunzi hazitoshi watu wote. Wengine wanapanga chumba, watatu au wanne pamoja, na mwenye nyumba anaomba garanti ya miezi kadhaa kabla ya kutoa ufunguo. Wengine wanakaa kwa ndugu. Ni vizuri, lakini tuulize: huyo ndugu anakaa wapi? Lubumbashi ina komini saba, na kampasi kubwa iko upande wa Kasapa. Mtoto anayelala Ruashi au Katuba anaweza kupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila siku. Feza ya gari ikiisha, anatembea kwa miguu au anakosa kozi. Tuulize tena: akiwa kwa huyo ndugu, atapata saa ya kusoma, au atakuwa mtumishi wa nyumba? Binti hasa. Mara nyingi binti anapokewa kwa ndugu, kisha masahani yote, watoto wote na maji yote yanakuwa yake. Mazungumzo haya yafanyike kati ya watu wakubwa, kwa heshima, kabla ya safari. Mama mkubwa au shangazi ampigie simu mwenye nyumba aseme wazi: "Tunakuletea mtoto, atakusaidia kazi, lakini amekuja kusoma."

Tatu, njaa. Katika Swahili yetu ya Katanga neno "posho" ni chakula cha kugawiwa, na pia ni juma zima, kwa sababu zamani makampuni yaligawa chakula kila juma. Wazee wale walikuwa na maarifa. Mtoto akipewa feza ya mwezi mzima mara moja, siku kumi za kwanza anakula kuku na kununua viatu, siku ishirini zinazobaki anakula bukari na chumvi. Siku hizi telefoni inatuma feza kwa dakika moja. Basi tugawe mara nne, kila posho sehemu yake. Gharama ya kutuma itaongezeka kidogo, lakini mtoto atakula mpaka mwisho wa mwezi. Na gunia la unga, samaki wa kukausha wa Bukama, karanga na maharagi vinavyoenda na gari la moshi vinasaidia kuliko tunavyofikiri, kwa sababu chakula cha kupika hakigeuki kuwa viatu.

MANENO YA CHUO AMBAYO MZAZI AYAJUE

Mambo yamebadilika tangu wakati wa wakubwa wetu. Zamani mtu alisoma miaka mitatu akawa gradue, kisha miwili akawa lisansie. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vimeingia katika mpango mpya unaoitwa LMD: lisansi miaka mitatu, masta miaka miwili, kisha doktora. Kwa hiyo mtoto akisema "mama, nimemaliza lisansi," ajue mama kwamba ni miaka mitatu, si mitano kama ya zamani. Wale wa udaktari wana hesabu yao iliyo ndefu zaidi.

Katika mpango huo kila kozi ina kredi, na mwaka mmoja una kredi 60, yaani 30 kwa kila semesta. Mtoto anatafuta kukusanya kredi hizo. Asipozipata katika mtihani wa kwanza, kuna sesyo ya pili. Si kila kuanguka ni mwisho wa dunia: kuna kozi ambazo mtu anaweza kuzirudilia huku akiendelea. Mzazi anayejua hilo hatapiga kelele mtoto akisema "nimebakia na kozi mbili." Atauliza: zipi? Utazifanya lini?

Kuna karatasi mbili ambazo mzazi ana haki ya kuziomba, na anayezilipia masomo asione haya kuziomba: karatasi ya benki inayoonyesha kwamba minervali imelipwa, na karatasi ya pointi mwisho wa mwaka. Mtoto anaweza kuzipiga picha kwa telefoni akatuma. Tuliweke kuwa desturi tangu siku ya kwanza, kwa upole, kabla shaka haijaingia. Likianza siku ya kwanza, ni desturi ya nyumba. Likianza mwaka wa tatu, mtoto ataona kwamba anahukumiwa.

KISA CHA KIJANA ALIYENYAMAZA

Yuko mama mmoja wa likelemba yetu, muuza samaki. Jina lake tunaliacha, na yeye mwenyewe ametupa ruhusa kueleza. Kijana wake alienda kusoma katika mji mkubwa. Mwaka wa kwanza akaanguka. Hakusema. Mwaka wa pili aliona haya kujiandikisha tena, na feza ya minervali akaitumia kulipa nyumba. Mama akaendelea kutuma. Kila zamu yake ya likelemba ikifika, nusu ilikwenda kwa mtoto. Kijana alikuwa anauza kredi za telefoni chini ya mwavuli na kupakua mizigo sokoni, na kila Jumapili akipiga simu anasema: "Masomo yanaendelea, mama."

Iliendelea hivyo mpaka mwaka wa tatu, mama alipoanza kuuliza siku ya sherehe ili ashone nguo ya kitenge pamoja na wenzake. Kijana akaanza kutopokea simu. Mama akapanda gari la moshi bila kutoa habari. Alimkuta amekonda, amelala kwenye godoro la rafiki. Hakumpiga, hakupiga kelele. Alimwuliza neno moja: "Umekula?" Kijana akalia, ndipo akaeleza yote.

Mama huyo alituambia kwamba kilichomwumiza zaidi ya feza ni jibu la mwanawe alipomwuliza, "Sababu gani hukuniambia?" Kijana alisema: "Kila nilipopiga simu, kabla hatujaagana, uliniambia: mwanangu, usinitie aibu mbele ya watu. Sasa ningesema namna gani?"

Wamama, neno hilo linasemwa katika nyumba nyingi, na linasemwa kwa upendo. Tunaona ni neno la kumtia mtoto nguvu. Lakini kwa mtoto aliyeanguka, neno hilo linafunga mlango. Anajua kwamba jina la familia, zamu za likelemba, maombi ya kanisa zima, vyote viko juu ya mabega yake. Basi anachagua kudanganya, na uongo wa mwezi mmoja unazaa uongo wa miaka miwili. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa hufunua maradhi pale anapojua kwamba hatapigwa.

Kijana huyo leo yuko hapa Kamina, amejiandikisha upya katika chuo cha hapahapa, analala nyumbani na anasaidia mama yake asubuhi kabla ya kozi. Hakupotea. Kilichopotea ni miaka miwili na feza nyingi, na vingeweza kuokolewa kwa simu moja ya kweli.

Tunapendekeza basi neno lingine la kuagana kwenye simu: "Ukifaulu nipigie. Ukianguka, nipigie mbele ya wote." Mtoto akisikia hivyo mara nyingi, siku ya shida atakumbuka. Kusema hivyo si kumruhusu mvivu. Mvivu tutamkemea. Lakini hatuwezi kumkemea wala kumsaidia mtoto ambaye hatujui yuko wapi.

JAMBO LA KUWAAMBIA BINTI ZETU, NA VIJANA PIA

Kuna jambo ambalo wamama wengi wanaliogopa, wanalizunguka kwa mafumbo. Tulitaje. Katika vyuo vya nchi yetu, wako watu wenye mamlaka juu ya pointi wanaomwambia binti kwamba atafaulu akikubali kulala nao, na akikataa ataanguka. Wanafunzi wenyewe, kwa mzaha mchungu, wamezipa pointi za namna hiyo jina la Kifaransa linalofanana na jina la magonjwa ya zinaa. Si waalimu wote, na hatusemi hivyo. Wengi ni watu wa heshima wanaofanya kazi ngumu. Lakini binti aondoke akijua.

Ajue kwanza kwamba hilo ni kosa la jinai. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji na maovu ya kijinsia inaadhibu mtu anayetumia mamlaka ya kazi yake kumsumbua mwingine ili apate tendo la ngono. Adhabu ni kifungo cha kuanzia mwaka 1 mpaka 12 pamoja na faini, au moja tu ya adhabu hizo. Sheria inasema pia kwamba kesi ya kosa hili inaanza kwa malalamiko ya yule aliyetendewa. Maana yake, akinyamaza, hakuna atakayeanza kwa niaba yake. Kwa hiyo anahitaji watu wa kusimama naye.

Tumwambie na mambo ya kawaida ya kujilinda. Asiende peke yake nyumbani kwa mtu wa chuo kupeleka kazi au kutafuta pointi, hata akiitwa kwa upole. Aende na rafiki wawili. Ujumbe wa telefoni asiufute. Aandike siku, saa na maneno aliyoambiwa. Amwambie mtu mzima upesi. Na mtu huyo mzima, yaani sisi, neno la kwanza lisiwe "ulivaa nini?" Neno la kwanza liwe: "Umefanya vizuri kuniambia." Binti akikemewa siku anapoleta habari hiyo, hataileta mara ya pili.

Vijana wa kiume nao tuwaonye juu ya kununua pointi kwa feza, na juu ya wale wanaopita na bahasha wakisema kila mtu achange ili promosyo ifaulu. Tusitume feza ya namna hiyo tukijua. Daktari aliyenunua pointi ndiye atakayekuja kutupasua siku moja.

NA ANAYEBAKI KAMINA?

Mji wetu una Chuo Kikuu cha Kamina. Wako watoto wanaoona haya kusoma hapa, kana kwamba diploma haina uzito kama mtu hajalala Lubumbashi. Tufanye hesabu bila kiburi. Anayebaki hapa halipi garanti ya nyumba, anakula bukari na sombe ya nyumbani, na mama anaona uso wake kila siku. Kama masomo anayotaka yanafundishwa hapa, tufikiri sana kabla ya kuuza shamba. Kama hayafundishwi hapa, au mtoto ameonyesha nguvu ya pekee, basi aende, na tujipange kweli.

Kujipanga huko si kazi ya mama mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vyama vyetu vinajua kuchangia msiba, ndoa na uzazi. Vinaweza pia kufanya mambo matatu kwa wanafunzi. La kwanza, kuwa na orodha ya watoto wote wa wanachama walioko Lubumbashi, kila mmoja na namba ya rafiki yake wa karibu, ili mmoja akiugua mwingine apige simu. La pili, kutuma mizigo ya chakula pamoja. Gunia tano zikiondoka pamoja na mtu mmoja wa kuzisindikiza, hazipotei njiani kama gunia moja moja. La tatu, kuweka kando sehemu ndogo ya mchango wa kila mwezi kwa ajili ya minervali, iwe mkopo usio na faida kwa mama aliyekwama siku za mwisho za kulipa. Haba na haba hujaza kibaba. Watoto wengi hawafukuzwi na mtihani. Wanafukuzwa na sehemu ya feza iliyochelewa siku kumi.

Wanachama wenye watoto wanaoondoka mwaka huu tunawaomba waje na vijana wao katika mkutano wa Jumamosi. Tumewaomba wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu, walioko likizo nyumbani, waje kueleza wenyewe mambo ya nyumba, ya gari na ya kozi. Watoto watawasikiliza hao kuliko sisi. Njooni na maswali yenu, na mama asiyejua kusoma aje pia, kwa sababu ndiye mara nyingi anayelipa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya malaria kwa wamama wenye mimba. Kaeni na amani.